Karatasi zimejaa nyumbani: dalili, vyanzo na jinsi ya kuzitatua

Juu ya friji, kwenye droo ya kabati la vyombo, chini ya godoro: karibu kila nyumba ina mahali ambapo karatasi hufikia na kukaa. Ripoti ya Juni, risiti ya ada, kadi ya mchango wa sendofu iliyokwisha kufanyika, nakala za cheti cha kuzaliwa, mtihani wa hisabati wa darasa la tatu na fomu ambayo haikurudishwa shuleni, zote zimelaliana. Siku za kawaida rundo hilo halimsumbui mtu. Linasumbua Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la kwenda Mtumba, mji wa Serikali hapa Dodoma, linakaribia kuondoka na mwalimu ameagiza nakala ya cheti leo hii.

Wazazi wengi hulaumu udogo wa nyumba, au hujilaumu wenyewe kwa uvivu. Mimi sikubaliani na yote mawili. Tunatunza kila kitu kwa sababu ofisi zimetufundisha hivyo. Nani hajawahi kusimama dirishani akaambiwa alete risiti halisi, au arudi kesho na barua ya mwanzo? Baada ya hapo kila karatasi yenye mhuri tunaiogopa. Hofu hiyo ina msingi, ila matokeo yake ndiyo mabaya: karatasi chache zenye uzito zinafunikwa na nyingine chungu nzima zisizo na kazi, na siku ya shida hupati hata moja.

Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye dalili, jizoeze swali moja kila unaposhika karatasi: hii ikipotea leo, nitaipataje tena? Kuna karatasi ambayo haipatikani tena kabisa, kama mkataba wa mauziano ya kiwanja kisichopimwa. Kuna inayopatikana kwa nauli, ada na wiki za kusubiri, kama cheti cha kuzaliwa au cheti cha kidato cha nne. Na kuna inayopatikana kwa kubonyeza simu, kama tokeni ya umeme wa LUKU. Makundi haya matatu hayastahili kulala kwenye droo moja. Karibu kila tiba iliyo hapa chini inaanzia hapo.

Barua ya shule inaonekana siku imeshapita

Unafungua begi la mtoto kutafuta peni, unakuta barua ya kikao cha wazazi cha Ijumaa iliyopita. Imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta ya chapati. Kabla ya kumgombeza mtoto, fuatilia njia ambayo barua hiyo ilipita. Mwalimu aliigawa mchana. Mtoto alifika nyumbani saa tisa, wewe ukiwa kazini. Aliyefungua begi kutoa chombo cha chakula ni dada wa kazi, na dada hajawahi kuambiwa kwamba karatasi zinamhusu, basi akaiacha ilipokuwa. Wewe umefika saa moja na nusu usiku, mtoto anasinzia. Njia ilikatikia pale begi lilipofunguliwa mara ya kwanza.

Tiba ni kumpa kazi hiyo aliyeko nyumbani mchana, awe dada, bibi au mtoto mkubwa. Begi likifunguliwa kutoa chombo cha chakula, karatasi yoyote isiyo daftari inatoka pia na inabanwa kwenye klipu. Klipu ining'inie kwenye msumari karibu na mlango, usawa wa macho, mahali pasipo na kitu kingine. Kama dada hasomi vizuri haidhuru, maana kazi yake ni kubana tu. Wewe ukiingia, soma kabla hujakaa. Ya kusaini isainiwe palepale, peni ifungwe kwa uzi kwenye msumari huohuo. Tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ukutani (zile zinazogawiwa mwisho wa mwaka na benki au kanisa zinafaa sana, zina nafasi ya kuandika), kisha karatasi irudi begini au ikawashie jiko. Usiku klipu iwe tupu.

Usitegemee kundi la WhatsApp la wazazi kuchukua nafasi ya msumari huo. Tangazo la mwalimu likitoka asubuhi, hadi jioni limefunikwa na salamu, pole na shukrani.

Sasa, ukiona karatasi moja inakaa klipuni siku tano au sita, chanzo ni kingine. Mara nyingi ni ile inayodai hela ambayo bado haijapatikana: mchango wa mtihani wa majaribio, safari ya kutembelea Bunge, jezi ya michezo. Hiyo hamkuisahau, mnaikwepa, na mtoto ndiye anayeulizwa kila asubuhi mbele ya wenzake. Mpigie mwalimu wa darasa au mwandikie mistari miwili: nitalipa kiasi hiki, tarehe hii. Kisha andika tarehe hiyo kwenye kalenda na uitoe karatasi klipuni.

Cheti hakionekani siku kinapohitajika

Kabla ya kupindua vitanda, jiulize cheti kilitoka mara ya mwisho kwa kazi gani. Cheti halisi mara nyingi hupotea siku kilipokwenda kutolewa kopi. Kinabaki chini ya mfuniko wa mashine pale steshenari, au kinabanwa kwa pini pamoja na nakala na kukabidhiwa shuleni, au kinabaki kwenye mkoba uliobebwa siku hiyo. Anza na steshenari. Wenye maduka haya wengi wana boksi la karatasi zilizosahauliwa na wateja, na hufurahi mwenyewe akitokea. Halafu nenda kwa mtu wa ofisi ya shule, umwombe afungue faili la mtoto mbele yako. Nyumbani tafuta mwisho.

Ili isijirudie, ondoa sababu ya cheti halisi kutoka nyumbani. Toa kopi tano au sita kwa wakati mmoja, na ukipata nafasi peleka mbili kwa wakili zikagongwe mhuri wa nakala halisi. Zinapobaki mbili, toa nyingine. Cheti chenyewe kitoke tu pale ofisi inapotaka kukiona kwa macho.

Kuhusu mpangilio, ushauri wangu ni bahasha moja ya kaki, ile kubwa ya A4, kwa kila mtu ndani ya nyumba. Watu wengi huanza na faili la vyeti vyote, faili la hospitali, faili la shule. Linapendeza siku ya kwanza, lakini safari ya ofisini siku zote ni ya mtu mmoja: unampeleka mtoto wa pili kuandikishwa, unamfuatilia mtoto wa kwanza mkopo wa chuo. Bahasha ya mtu unaichukua ikiwa kamili na kutoka nayo. Juu yake andika kwa kalamu nene vilivyomo, na chini acha mistari mitupu ya kuandika kilichotoka: "Cheti halisi, baba kachukua, shuleni, 14/1." Kikirudi, piga mstari. Mistari hiyo imeokoa ugomvi mwingi wa mke na mume, kwa sababu haimlaumu mtu, inasema tu kilipo.

Kwa mtoto mdogo, kitu cha thamani kuliko vyote kwenye bahasha hiyo ni kadi ya kliniki. Watu huitupatupa kwa kuwa imechakaa, ina madoa ya maziwa. Lakini humo ndimo muuguzi alimoandika chanjo zote kwa mkono, tangu ile ya kifua kikuu ya kuzaliwa, zile za wiki ya 6, 10 na 14, hadi surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18, pamoja na uzito wa kila mwezi. Ikipotea, unabaki kukisia mtoto amechomwa nini. Shule nyingi za awali huomba kuiona, na daktari akiiona husoma kwa dakika moja yale ambayo wewe ungeyaeleza kwa nusu saa na kuyakosea.

Kwa anayemaliza kidato cha sita, angalia bahasha yake mapema. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Dirisha la maombi likifunguliwa ndipo kila mtu hukimbilia huko. Kama cheti kimepotea, chukua taarifa ya upotevu polisi na uanze RITA mara moja, si wakati huo wa msongamano. Na namba ya mtihani ya Baraza la Mitihani, ile inayoanza na S au P, pamoja na mwaka wake, iandike ndani ya mfuniko wa bahasha. Cheti chenyewe kikipotea, namba hiyo ndiyo watakayokuuliza kwanza.

Risiti ipo, lakini haisomeki

Hili linaumiza kwa namna yake, kwa sababu mzazi alikuwa makini. Alitunza. Siku mhasibu wa shule anapomwonyesha deni la muhula wa kwanza, anatoa risiti ya wakala wa benki na anakuta kipande cheupe chenye kivuli cha rangi ya kijivu. Kuna wazazi wamelipa ada ya muhula mmoja mara mbili kwa sababu hii.

Chanzo ni aina ya karatasi. Risiti za mashine za EFD (zile za kodi za madukani), za wakala na za vibanda vya LUKU nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto. Mashine hizo hazina wino. Karatasi imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto, na maandishi unayoyaona ni joto lililopita hapo. Kwa hiyo maandishi hayo hayadumu. Jua huyafuta, na Dodoma jua si la kubahatisha. Mafuta ya mikono huyafuta. Gundi ya selotepu huyafuta palepale ilipobandikwa, na ndiyo maana risiti iliyobandikwa kwenye daftari huwa nyeupe katikati. Na kinachowashangaza wengi: mfuko laini wa plastiki, ule tunaoamini unalinda, hutoa kemikali zinazofuta maandishi hayo haraka kuliko bahasha ya kaki ingefanya.

Jinsi ya kuitambua: kwaruza ukingo wake kwa ukucha. Ikitoka alama nyeusi, ni karatasi ya joto, na saa yake imeshaanza kuhesabu.

Ukiitambua, kama ni ya ada, kodi ya nyumba, kiwanja au kitu chenye waranti, itoe kopi ya kawaida wiki hiyohiyo. Kopi haitafutika. Bana kopi na risiti pamoja kwa klipu ya chuma, siyo gundi, weka kwenye bahasha ya kaki mbali na jiko na mbali na dirisha. Kama steshenari iko mbali, chukua peni na uandike nyuma yake kiasi, tarehe, namba ya muamala na jina la mtoto, halafu ipige picha. Kisha, na hili ndilo muhimu zaidi kwa ada, peleka kopi kwa mhasibu upate stakabadhi ya shule yenye jina la mtoto na mhuri. Wakala anathibitisha kwamba hela iliingia benki. Shule ndiyo inayothibitisha kwamba mtoto wako hadaiwi. Stakabadhi hizo usizitupe mpaka mtoto amemaliza shule hiyo na kupewa cheti chake cha kuhitimu mkononi.

Usithubutu kuipiga risiti ya namna hiyo laminesheni. Joto la mashine litaigeuza nyeusi yote kwa sekunde chache, na hapo hakuna la kufanya. Hata vyeti mimi sishauri vilaminishwe, kwa sababu plastiki ile haitoki bila kuichana karatasi, na ofisi ikitaka kugusa mhuri wa kuminya au kuona alama ya maji, umeifunika mwenyewe.

Kama maandishi yameshafifia lakini kivuli kipo, jaribu kuipiga picha ukiwa kivulini, halafu kwenye simu ongeza weusi na punguza mwanga wa picha. Mara nyingine tarakimu hurudi. Ikishindikana, rudi kwa aliyekulipisha na tarehe na kiasi. Benki inaweza kukutolea taarifa ya akaunti, na malipo ya Serikali yaliyopitia namba ya kumbukumbu ya malipo yana rekodi kwenye ofisi iliyokupa namba hiyo.

Vipi kuhusu zilizobaki? Kikaratasi cha LUKU, ukishaingiza tarakimu zake 20 na umeme ukaingia, kazi yake imekwisha. Isipokuwa umepanga, na mmekubaliana na mwenye nyumba akurudishie kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa humohumo kwenye LUKU. Hapo tunza kumbukumbu, na ujumbe wa simu unatosha. Ukiwa na duka au kibanda chenye TIN (namba ya mlipa kodi), usichanganye risiti za biashara na za nyumbani hata siku moja, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze za biashara kwa miaka 5. Risiti ya nyanya na sabuni unaweza kuichoma leo bila wasiwasi.

Sanduku lina udongo, karatasi zina matundu

Anayeishi Kanda ya Kati anajua mchwa hawabishi hodi. Jirani yangu mmoja Nkuhungu alikuwa na boksi la kadibodi kwenye kona ya chumba, limejaa vyeti na picha za harusi. Kwa nje lilikuwa zima kabisa, hata selotepu haikulegea. Alipolinyanyua, kitako kilibaki sakafuni. Ndani kulikuwa na tabaka la udongo mwekundu wenye unyevu, na kati ya tabaka hilo kulikuwa na pembe moja ya cheti cha ualimu, yenye nusu ya mhuri.

Mchwa hula selulosi, na karatasi ni selulosi tupu. Wanachukia mwanga na hewa kavu, kwa hiyo hupita ndani ya vijia vya udongo wanavyojijengea, wakitokea kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta. Hula kutoka ndani, ndiyo maana boksi huonekana zima. Mambo matatu huwaita: kadibodi, kugusana na sakafu au ukuta, na kona isiyoguswa miezi mingi.

Vuta kila kitu mbali na ukuta na uangalie. Ukiona kijia cha udongo chembamba ukutani, bomoa kipande kidogo na ukiache. Rudi baada ya siku mbili. Kikiwa kimezibwa upya, mchwa wapo na wanafanya kazi. Mwite fundi wa kupuliza dawa, na karatasi zitoke chumba hicho leo, si wikiendi. Kisipozibwa, inawezekana wameshahama, lakini usirudishe kitu palepale.

Makazi mapya ya karatasi yawe ya chuma au plastiki ngumu. Tranka la shule la mtoto aliyemaliza bweni linafaa sana. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana nayo inafaa, tena inazuia panya, mende na vumbi la Agosti kwa pamoja, na mvua ikivuja usiku haiingii. Iweke juu ya stendi ya chuma au rafu, isiguse ukuta, na uikague kabla mvua za Desemba hazijaanza. Kama nyumba inavuja, usiweke chini ya bati lenye kutu hata kama ni juu ya kabati.

Wengi wetu pia tuna karatasi kijijini, Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa: hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, au barua ya zamani ya kijiji, imehifadhiwa na mzee ndani ya tembe. Paa la udongo na miti ni mahali pagumu kwa karatasi. Usiichukue kwa mzee kama vile unamnyang'anya. Mwombe mkatoe kopi pamoja mjini, yeye arudi na hati yake ndani ya kindoo chenye mfuniko, wewe ubaki na kopi. Mzee ataheshimika, na shamba litakuwa na kumbukumbu mbili.

Umepanga karatasi, na baada ya wiki mbili rundo limerudi

Hapa chanzo huwa kimoja kati ya viwili, na unaweza kukijua kwa kuangalia rundo jipya lina nini.

Likiwa limejaa madaftari, mitihani na michoro ya watoto, mpangilio wako hauna tatizo. Tatizo ni wingi wa kinachoingia. Watoto watatu wa shule huleta karatasi nyingi kuliko ofisi ndogo. Madaftari ya mwaka yapewe boksi moja tu kwa kila mtoto, likijaa hakuna la pili. Desemba, likizo ikianza, kaa na mtoto achague mwenyewe vitatu au vinne vya kutunza, kisha kurasa ambazo hazijaandikwa zitolewe na kushonwa pamoja, zitatosha kwa mahesabu ya likizo nzima. Nukuu za darasa la sita na la saba, na za kidato cha tatu na cha nne, zitunzwe hadi mtihani upite, halafu wapewe watoto wa jirani wanaofuata, kwa sababu zina thamani kwao. Ripoti za muhula hazihesabiwi humu, zinaingia kwenye bahasha ya mtoto.

Likiwa limejaa kadi za mialiko na michango, bahasha za sadaka, ratiba za mazishi na fomu za vikundi, hilo ni rundo la mahusiano, na linauma kulitupa kwa kuwa kila kadi ina jina la mtu. Kinachotunzwa hapo ni kumbukumbu tu: daftari moja dogo la michango, lenye jina, shughuli, tarehe na kiasi ulichotoa au ulichopewa. Siku ya shughuli yako au ya mwenzako utalihitaji, kadi hutaihitaji. Ukishaandika, kadi iende.

Na kama rundo lina kila kitu, basi ulijiwekea makundi mengi mno. Faili lenye vitenganishi kumi na viwili linahitaji mtu mwenye muda wa kuamua mara kumi na mbili, na mzazi aliyetoka kazini hana muda huo. Punguza, pabaki mahali patatu tu: klipu ya mlangoni, bahasha za watu, na ndoo au tranka la nyaraka za nyumba. Dakika kumi na tano Jumapili jioni, sare zikipigwa pasi, zinatosha kuhamisha kilichobaki.

Karatasi zipo, ila anayejua zilipo ni mmoja tu

Dalili hii haionekani mpaka mwenye siri asafiri, augue au afariki. Naiandika kwa uzito kwa sababu nimeona wajane na watoto wakihangaika nayo hapahapa mjini. Baba alinunua kiwanja Iyumbu au Nzuguni, akalipa kwa awamu, akaficha karatasi "pasionekane", na kweli hazikuonekana.

Dodoma ina historia yake hapa. Viwanja vingi vya zamani viligawiwa na iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo ilivunjwa 2017 na majukumu yake kuhamia halmashauri, leo Jiji la Dodoma. Kwa hiyo kuna familia zenye barua za toleo, mikataba na risiti zenye nembo ya chombo ambacho hakipo tena. Mtoto asiyejua anaweza kuziona ni karatasi kuukuu za kuwashia mkaa. Usitupe chochote chenye nembo hiyo kabla hakijaangaliwa na ofisi ya ardhi ya Jiji. Hati miliki ikipotea, njia ya kupata nyingine ipo, ingawa ina kiapo, taarifa ya polisi na tangazo katika Gazeti la Serikali. Lakini mkataba wa mauziano wa kiwanja kisichopimwa, uliosainiwa mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa, hauna daftari la Serikali la kuurudisha. Mashahidi wakifariki na karatasi ikaliwa, umebaki na maneno.

Chukua karatasi moja safi na uandike orodha: nyaraka gani, ya nani, iko wapi, nakala iko wapi. Kiwanja, mkataba wa nyumba ya kupanga, kadi ya gari au pikipiki, bima, akaunti za benki (jina la benki na tawi tu, kamwe usiandike namba ya siri), kikundi cha kuweka na kukopa, mtu anayekudai na unayemdai. Isaini, weka tarehe. Mwenzako awe na nakala, na mtu mmoja mzima nje ya nyumba, kaka, dada au shangazi unayemwamini, awe na nyingine. Mikataba ya ardhi iwe na kopi zilizogongwa mhuri na wakili, zikae nyumba tofauti na halisi. Kama unalea peke yako, orodha hii ifanye wiki hii, kabla ya kazi nyingine yoyote iliyotajwa hapa.

Simu imejaa picha za karatasi, hakuna inayoonekana

Umepiga picha kila kitu, halafu unatafuta kadi ya bima ya mtoto katikati ya picha za kipaimara na video za mapishi. Picha isiyo na jina haina tofauti na droo iliyojaa. Tengeneza albamu moja ya nyaraka kwenye simu, na kila faili ulipe jina kwa mtindo mmoja: jina la mtoto, aina ya hati, mwaka. Nakala ya pili iwe kwenye barua pepe yako, maana simu huibiwa stendi na huanguka ndani ya ndoo ya maji. Piga picha mchana, karatasi ikiwa mezani, pembe zote nne zionekane, mhuri usomeke. Kitambulisho cha NIDA na vyeti usivitume kwenye kundi lolote, hata la ukoo.

Na usichome cheti halisi kwa kuwa una picha. Picha inakusaidia kujaza fomu na kujua namba; dirishani bado wataomba kuona karatasi.

Jina lako limefungia karanga

Kuna siku utanunua karanga au visheti sokoni na kukuta vimefungwa kwenye nakala ya fomu ya mtu, yenye namba ya simu, akaunti na sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazibana taasisi. Taka za nyumba yako unazilinda mwenyewe. Usimpe muuza karanga rundo zima la karatasi bila kulichambua. Madaftari ya watoto mpe, ukishachana jalada lenye jina la mtoto na shule. Chochote chenye namba ya NIDA, akaunti, namba ya kadi ya bima au sahihi, kichane vipande na kiishie kwenye jiko la mkaa, wewe mwenyewe ukiwa umesimama hapo mpaka kiteketee.